Picha ya Gachau Kwenye Jalada

Mutheu alikuwa meneja wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha Thika kwa miaka kumi na sita, na hakuna aliyemshinda kuandika barua ya kumfuta mtu kazi. Najua, kwa sababu yangu aliiandika yeye. Ilijaa adabu hivi kwamba niliisoma mara mbili nikidhani nimepandishwa cheo. Hatukukosana, tulikuwa majirani mtaa wa Membley, Ruiru.

Mumewe Gachau alipopata saratani ya ini, Mutheu aliacha kazi akae naye, na hapo ndipo alipoanza kuandika kitabu. Hadithi aliipata kantini, kwa mhandisi Mhindi aliyekuwa akila naye. Yama, mungu wa mauti, anachukua roho ya mume wa mtu, na mke anamfuata nyuma, anazungumza naye kwa hekima njia nzima, mpaka Yama anashindwa na kumrudishia mumewe. Mutheu aliihamishia Ruiru, Yama akapita amempanda nyati wake katikati ya mashamba ya kahawa. Kanisani walinong'ona kwamba dada yetu amegeukia miungu ya Wahindi. Yeye aliendelea kuandika. Kila asubuhi alimsomea Gachau kurasa za jana, na Gachau, ambaye uji ulikuwa umemshinda, alisikiliza zote.

"Huyo mama ni wewe," alimwambia siku moja nikiwepo.

"Ni mimi. Na bado natembea."

Mutheu alitaka kitu kimoja tu, Gachau akishike kitabu mkononi angali hai. Daktari alikuwa amesema ni wiki, si miezi. Mimi na kiherehere changu nikampeleka kwa Mwas, mchapishaji wa pale Thika, kwa sababu anafanya kazi haraka. Sikujiuliza kwa nini. Mwas huchapa programu za mazishi. Familia ikija Jumatatu, Alhamisi imeshapata zake. Mutheu alimwachia maandishi na picha ya Gachau akiwa na suti ya bluu, iwekwe penye maneno "Kwa mume wangu mpendwa". Hakueleza zaidi. Mimi pia sikueleza, na hilo sitajisamehe.

Siku ya nne tulifungua boksi kando ya kitanda. Gachau alikuwa kwenye jalada, amezungukwa na maua meupe, mshumaa huku na mshumaa huku. Chini yake Mwas alikuwa ameandika "Jua lilichomoza" na "Jua lilitua", na kwa vile hakupewa tarehe za kuzaliwa na kufa, akaacha nafasi.

Mutheu alitaka kulifunga boksi. Gachau akawahi kitabu kimoja, akakisogeza karibu na macho.

"Picha imetoka poa," akasema. "Mwambie asiifute. Mtaitumia."

Mutheu alilia, mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Gachau akamwomba amsomee mwisho, pale mume anaporudishwa. Alisoma mpaka Yama anapogeuka kumtazama yule mwanamke, akaishia hapo. Gachau hakumhimiza. Alikiweka kitabu kifuani, jalada likiwa chini, akafumba macho. Nilijua sote watatu tumeacha kuiamini ile hadithi.

Wiki ya pili baada ya hapo nilimpigia Mwas simu.

"Pole sana, auntie," akasema. "Picha bado niko nayo. Niletee tarehe tu."