Hildegardi wa Jembe Lisilo na Mpini

Hildegardi Kinunda alizaliwa Machi 1958 katika milima ya Mbinga, msimu wa kuchimba ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isibebe udongo. Mama yake alimzaa asubuhi, jioni akarudi shambani, maana hapakuwa na wa kumpokea kazi. Basi asije mtu leo akatuambia kwamba alitoka katika familia iliyojiweza. Alibatizwa, akamaliza darasa la saba, akawa katekista, akawafundisha sala watoto ambao leo ndio wanakamati wetu wa kanisa.

Mwaka 1993, wakimbizi wa Msumbiji walipoanza kurudi kwao, paroko aliomba katekista wa kwenda nao. Walijitokeza wengi, hadi waliposikia kwamba hakuna gari wala posho. Akabaki Hildegardi amesimama. Kaka yake Raimundi, mwenye kahawa nyingi, aliposikia neno "nje ya nchi" alimletea sanduku tupu la bati akalijaze huko. Alipolikataa, kaka alisema mbele ya watu: "Sikiliza, dada. Ukirudi mikono mitupu, usitafute nafasi kando ya kaburi la mama." Waliocheka siku ile tunawajua kwa majina.

Alishuka kwa miguu hadi Lituhi, ziwani, kupanda boti ya kusini, akiwa na rozari, kitenge cha kubadilisha na jembe lisilo na mpini, kwa kuwa miti ipo kila mahali. Mpakani askari wa forodha akamzuia. "Shikamoo, mama. Jembe lenye mpini ni chombo cha kazi. Hili halina mpini, kwa hiyo ni bidhaa, lilipiwe." Hildegardi akamgeuzia makali yaliyolika. "Marahaba, mwanangu. Duka gani linauza jembe lililokwisha hivi?" Askari akacheka, akampisha.

Alikaa ugenini miaka ishirini na mitano, akihama nyumba hadi nyumba. Kila alikopokelewa alikata mpini kutoka kwenye miti ya mwenyeji, akawafundisha ngolo na sala. Alipohama aliung'oa, akauacha mlangoni. "Chuma ni changu, mti ni wao," alisema. Hakujenga. Alikula walichokula, na walipokosa alikosa. Miguu ilimvimba, homa zilimrudia kila masika, na barua zake nyumbani zilikuwa na sentensi moja: "Nimechoka, lakini nipo." Miaka hiyohiyo ulifika mradi mmoja na magari matatu ya mizigo, ukafundisha kilimo wiki mbili, ukapiga picha, ukaondoka ukiacha mahema yaliyochanika. Hatujasahau.

Alirudi mwaka 2018, mgonjwa. Raimundi alichungulia nyuma yake kutafuta mizigo. "Umeleta nini?" "Nimejileta mwenyewe, kaka." Akalazwa kwa jirani, na huko ndiko alikofia tarehe 11 Machi 2019. Mwili ulilala kanisani siku nne. Raimundi hakutoa neno, na bila neno lake hakuna aliyethubutu kugusa ardhi ya ukoo. Kamati ikawa inajadili rangi ya sare za mazishi.

Habari ilikuwa imevuka mpaka kwa simu. Siku ya nne wakaingia wanawake watano kutoka Msumbiji, vumbi hadi magotini, kila mmoja na jembe lisilo na mpini. Aliyewaongoza, Luisa, ndiye aliyempokea Hildegardi nyumba ya kwanza. "Tumekuja kumchimbia mwenzetu," alisema. "Mipini tutapata wapi?" Akawageukia wenyeji. "Yeye alipotuuliza hivyo, tulimpa mti."

Raimundi akainuka. Akachukua panga, akaukata mpera wa mlangoni kwake, akachonga mipini mitano kwa mkono wake, akaenda mbele yao kuwaonyesha mahali kando ya mama.

Wapo wanaosimulia kwamba mipini ile ilichipua juu ya kaburi. Haikuchipua, ililiwa na mchwa. Ajabu ya kweli ni kwamba Raimundi, asiyewahi kumpa mtu hata fito, alitoa mti. Sasa kamati ileile inachangisha pesa za sanamu ya saruji, mzigo wa tani nzima kwa mtu aliyebeba jembe moja! Anayetaka kumheshimu, akienda ugenini apunguze begi lake, na asiwe mzigo kwa waliompokea.

Kilichochipua ni kisiki cha mpera, kama visiki vyote vya mpera. Matawi yake sasa yana unene wa mpini. Raimundi, ambaye ni mzee, hukaa pale na fimbo, wala hamruhusu mtu kuyagusa, isipokuwa awe mgeni.