Jina Nililoandika Kwenye Picha ya Msiba

Admin, naomba ufiche jina langu na la studio, maana huyu baba ana simu kubwa na huenda naye anasoma hapa.

Mimi ni dada wa miaka 31, nina mtoto mmoja, naishi Sokon I hapa Arusha. Kazi yangu ni kutengeneza picha kwenye kompyuta: za harusi, za pasipoti, na zile kubwa za marehemu zinazowekwa mbele ya jeneza.

Jumatatu asubuhi aliingia baba mmoja wa makamo, kavaa koti zuri, mpole kabisa. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa flashi. "Binti, nina msiba. Ni dada yangu." Picha ilikuwa ya mama anayecheka, amesimama kwenye migomba. Alitaka nimtoe migombani, nimwekee mawingu nyuma na jina lake chini. Nikamuuliza tarehe ya kufariki. Akasema, "Hiyo iache wazi kwanza." Nikajua ni uchungu, mfiwa huwa hafikiri sawasawa. Nilipofungua picha tu akachomoa flashi yake, eti ina mambo yake mengine. Akaniachia namba ya simu, akaondoka.

Niliifanya ile kazi kutwa nzima. Nilimtengeneza nywele, nikamng'arisha uso, mpaka nikaanza kumzoea yule mama kama shangazi yangu. Sikuwa nimeseivu hata mara moja, nilisema nitaseivu nikimaliza. Jioni, jina nimeshaliandika, narekebisha tu rangi ya maandishi, programu ikajifunga yenyewe. Haikutoa hata onyo. Nikaifungua tena, tupu. Picha hakuna, jina hakuna.

Nikapiga ile namba nimwombe alete tena flashi. Akapokea mwanamke.

"Baba watoto kaacha simu kwenye chaji, yuko zizini. Nimwambie nani?"

"Pole na msiba, mama. Ni mimi wa studio, ile picha ya marehemu imenipotea."

"Marehemu gani tena? Huku kwetu Kikatiti hatuna msiba."

Nikamuuliza, "Kwani mama unaitwa nani?"

Akanitajia majina yake matatu. Yalikuwa ni yaleyale niliyoyaandika kwa mkono wangu. Nikakata simu.

Kesho yake yule baba akaja. Hakufoka. Akavuta kiti, akakaa.

"Uliongea na mke wangu."

"Ndiyo, baba."

"Kichwa chake hakiko sawa siku hizi. Akikupigia, usimsikilize. Na picha usihangaike nayo tena, nimepata mtu mwingine wa kuitengeneza."

Akanipa mkono wa kuaga, akaushikilia, ananiangalia tu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaniuliza, "Hiyo picha iko wapi?" Sina. Akaniambia niache kuchafua jina la mtu mzima. Mwenzangu wa studio anasema labda baba anataka kuwadanganya wenzake kazini wamchangie rambirambi, niachane naye. Natamani iwe hivyo, kweli.

Leo asubuhi yule mama kanipigia kwa simu ya jirani. "Dada wa picha, namba yako niliichukua siku ile. Ulitaka kuniambia nini?" Nikakumbuka ule mkono, hofu ikanishika, nikamjibu nilikosea namba. Akasema taratibu, "Haya mwanangu. Niliona nikuulize tu. Jumamosi baba watoto ananisafirisha, amesema nisiage mtu, hata dada zangu."

Leo ni Alhamisi, ndugu zangu. Nikimwambia halafu ikawa si hivyo, nimevunja nyumba ya watu. Nikinyamaza halafu ikawa ndivyo, sijui nitaishije. Polisi naogopa wataniuliza lile lile la mwenyekiti, na namba ya yule jirani nikiipiga haipatikani.

Nishaurini, nifanye nini? Ila tafadhali, msinijibu Jumapili.