Kila Mtu kwa Miguu Yake

Harufu ya mwani na samaki mkavu ilishuka ngazi kila alasiri kutoka jikoni kwa Maman Yuko, jirani yetu wa ghorofa ya nne pale mtaa wa Etterbeek, ughaibuni, nami niliifuata kama paka. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali ya Jette, akirudi jioni, na huyu mama wa Kijapani ndiye aliyenilisha supu yake pamoja na habari za mji wao mdogo wa kisiwani. Bahari iliwahi kuupanda mji huo mara tatu. Mlimani wazee waliweka jiwe lenye maandishi: msijenge chini ya hapa. Watu wakatii, kisha wajukuu wakachoka kupandisha samaki mlimani, wakahamia tena ufukoni, na bahari ikarudi. Tangu hapo wakashika funzo moja: ardhi ikitikisika, kila mtu akimbilie juu kwa miguu yake, asimngoje wala kumrudia mtu.

Nilipomsimulia Mama, alichemka. Yeye ni wa Goma. Volkano ilipolipuka alirudi mbio nyumbani kumchukua mdogo wake, wakaokoka wote wawili. Jumapili hiyo akapanda kwa jirani, mimi nyuma yake nikiona aibu ya kufa.

“Maman Yuko, mi nilirudiaka mudogo yangu, na iko muzima mpaka leo. Donc mutoto yangu nimuache ndani ya moto? Non!”

Maman Yuko alimimina chai kwanza. “Kaka yangu alirudi kumfuata mama yetu,” akasema kwa Kifaransa chake cha polepole. “Mama alikuwa mlimani tayari. Hawakuwa wamepatana watakutana wapi.”

Mama akaimaliza chai yake. Kesho yake alinipeleka hadi mwisho wa mtaa, akanionyesha benchi la mbele ya kanisa. “Bon. Siku ya hatari tutakutana hapa, mi na wewe.”

Majuma machache baadaye kengele ya moto ikalia, moshi ukaanza kupenya kutoka jiko la ghorofa ya kwanza. Mama alikuwa chini kabisa, kwenye mashine za kufulia. Mimi nilikuwa peke yangu ghorofa ya tatu. Nilikimbia bila viatu hadi benchini. Hayupo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na si moto niliouogopa. Nilimjua Mama: alikuwa mtu wa kurudi. Nikalishika benchi kwa mikono miwili nisirudi mimi. Kisha nikamwona anakuja, mikono ina povu, analia kwa sauti.

“Nilifika mbele ya ngazi, nilitaka kukurudia,” akasema. “Nikasema, mutoto yangu iko na akili.”

Maman Yuko alitukuta hapo, kavaa koti na viatu vyake vizuri, kama anayekwenda sokoni. Hakuna aliyeumia.

Leo mimi ni mama. Jengo letu lina king'ora cha moshi kila chumba, na simu ya binti yangu hunionyesha alipo. Hata hivyo tunafanya zoezi la kukimbia moto, na wenzangu wanacheka. Wacheke, tahadhari kabla ya hatari. Binti huanzia juu, mimi chini, nami hufika nje wa kwanza na kusimama nikiutazama mlango. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Zamani nilijisifu kwamba kazi ngumu ya siku ile niliifanya mimi. Sasa, kila zoezi, miguu yangu inataka kurudi ndani, na hapo hakuna hata cheche. Mama alisimama mbele ya ngazi zenye moshi, akaniamini.