Siku Nilipopimwa Sukari ya Kakangu

Kakangu mkubwa alianza kukojoa kama mtu aliyepewa kandarasi. Tunaishi kwenye shamba moja nje kidogo ya Wamunyu, yeye juu, mimi chini, choo kikiwa katikati, na kibanda ninamochongea twiga na vifaru kiko kando ya kijia cha kwenda huko. Hapiti mtu bila mimi kujua. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshapita mara tano. Akirudi anasimama kwenye mtungi wangu wa maji, anakunywa vikombe viwili, anafuta mdomo, ananiambia twiga huyu shingo yake fupi, kisha anapanda kwake kusubiri zamu nyingine.

Mimi sijasomea udaktari, lakini mama yetu, mwaitu kwa Kikamba, tulimzika akiwa na mguu mmoja. Sukari yake ilianza hivyo hivyo, kwa kiu. Tukasema ni joto la mwezi wa kumi. Akakonda, tukasema ni uzee. Kidonda kikamtoka kwenye kidole cha mguu, tukapaka hiki na kile, na tulipompeleka kupimwa, daktari alitutazama kama watu tuliomleta mwaitu kumuuzia. Kwa hiyo kakangu alipoanza kumaliza mtungi wangu, niliogopa. Ana makelele na anajidai, lakini baba alipofariki ndiye aliyenilipia chakula cha shule kwa kuuza mbuzi wake mwenyewe, na sina ndugu mwingine.

Halafu wakaja sisimizi. Nyuma ya bafu kuna migomba mitatu ambapo sisi wanaume, tukiona choo kiko mbali, hujisaidia kwa haraka. Asubuhi moja niliwakuta sisimizi wamepanga foleni kutoka ukutani hadi kwenye shina, wametulia, wana nidhamu kuliko abiria wa stendi ya Machakos. Sisimizi hufuata mkojo wenye sukari, kwa hiyo nikamwita shemeji.

"Shemeji, kuja uone mume wako ametengeneza nini hapa."

Akaja, akainama, akatazama. "Na wewe hukojoi hapa?"

"Mimi huwa napita tu."

Nyani haoni kundule. Mimi pia nilikuwa nakunywa maji siku hizo, lakini yangu yalikuwa na sababu, ni vumbi la mbao. Suruali zilikuwa zimenilegea, lakini mke wangu anafanya kazi kiwandani Athi River na hurudi mwisho wa mwezi, na mwanamume anayejipikia hawezi kunenepa. Macho yalikuwa yakififia, hiyo ni vanishi. Mnunuzi mmoja alinirudishia twiga sita akidai nimewachongea macho shavuni. Nilimwambia ndio mtindo wa sasa, akafikiri, akachukua wawili. Mguuni nilikuwa na kidonda mahali tezo iliponiparuza, wiki ya sita hakijafunga, na kwa hicho niliwasingizia inzi. Kila ishara yangu ilikuwa na wakili wake. Za kakangu hazikuwa na mtu wa kuzitetea.

Jumapili moja mchungaji alisoma tangazo kutoka zahanati ya sokoni. Kila aliyevuka miaka arobaini aende Jumanne asubuhi, kabla ya kula chochote, apimwe sukari. Kakangu ndiye mwenyekiti wa kamati ya kanisa, na hawezi kuona watu wameketi bila yeye kusimama. Akasimama. Akasema mwenyekiti atakuwa wa kwanza kupimwa, na kwamba Jumapili ifuatayo atasoma majibu yake pale pale mbele, ili watu waache woga. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma, nikamshukuru Mungu kwa kumuumba na majivuno.

Jumatatu jioni alikuja kibandani, akakaa juu ya gogo la mwarobaini, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu shingo za twiga.

"Kesho utaenda wewe," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Kupimwa."

"Kaka, mwenye kiu ni wewe."

Akatazama chini. Mtu huyu ana kilo mia moja na zaidi, amewahi kumfukuza fisi kwa mwiko, lakini sindano anaiogopa kuliko kaburi. Shuleni, siku ya chanjo, aliruka dirishani, na yeye ndiye alikuwa kiranja.

"Mama yetu ni mmoja?" akaniuliza.

"Ni mmoja."

"Na baba?"

"Kaka, mwaitu hakuwa mtu wa mchezo. Baba pia ni mmoja."

"Sasa hii damu ingine itatoka wapi? Damu yetu ni moja. Ukichota maji na huu mtungi ama ule, si mto ni ule ule?"

 Maisha yangu yote nimeambiwa damu ni nzito kuliko maji, na sijawahi kumsikia mtu akiongeza kwamba kila mtu ana yake. Isitoshe, nilimjua. Nikikataa, hatapimwa na yeyote, mahali popote, mpaka tumbebe. Nikaona heri apimwe kwa kidole changu kuliko asipimwe kabisa. Najua sentensi hiyo haina akili. Wakati ule ilionekana kama upendo.

Akanipa kitambulisho chake. Picha ilipigwa akiwa kijana mwembamba, na picha za vitambulisho vyetu zinafanana zote, kila mtu anaonekana mshukiwa. Asubuhi kaka aliondoka nyumbani kana kwamba anakwenda yeye, nami nikafika zahanati kabla ya watu wa kanisa; muuguzi aliitazama picha, akanitazama, akaandika jina la kakangu kwenye kadi. Akachukua kidole changu gumba na kukidunga. Hakikutoka kitu. Akadunga cha pili.

"Mzee, hii ngozi ni ya kifaru?"

"Nafanya kazi ya mikono, sista."

Mara ya tatu tone likatoka. Mashine ikiwa inafikiria, akaanza maswali. Unasikia kiu sana? Sana, nikasema, nikimfikiria kaka. Unakojoa mara nyingi? Nikamweleza kuhusu safari tano kabla ya saa nne, akashangaa kwamba nilikuwa na hesabu. Umepungua mwili? Hapo nilisita, kwa sababu kakangu hajapungua tangu nimjue. Nikasema hapana, huku mkono mmoja umeshikilia suruali. Macho? Yanaona. Uko na kidonda chochote kinakataa kupona?

"Hakuna," nikasema, nikauvuta mguu chini ya benchi.

Mashine ikalia. Akaisoma, akaniuliza kama kweli sijala. Nikamwambia hata maji sijanywa. Ilikuwa kumi na tatu nukta mbili, na alinieleza polepole kwamba mtu aliyelala bila kula hapaswi hata kufika saba. Akasema kipimo kimoja hakitoshi, kwa hiyo nirudi Jumanne ijayo bila kula, nipimwe tena, nionane na daktari, na nije na mama wa nyumbani afundishwe mapishi.

Nilitoka nikiwa nimeishika ile kadi kwa mikono miwili. Nitasema ukweli. Nilijua. Kuanzia pale mlangoni nilijua, nikakaa kwenye ngazi ya duka la mbolea mpaka mwenye duka akaniuliza nataka mifuko mingapi. Damu ilikuwa imetoka kwenye kidole changu. Lakini jina kwenye kadi lilikuwa lake, na sisi tumefundishwa kuheshimu kilichoandikwa. Kufikia daraja nilikuwa nimeshaanza kumhurumia kaka.

Alipokea habari vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliisoma kadi mara tatu, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake. Shemeji alilia kidogo, kisha akaingia jikoni kama askari. Sukari ikahamishwa, mafuta yakapunguzwa, soda zikapigwa marufuku. Kakangu akawa anakula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mboga, sahani ndogo, na kila alfajiri anatembea hadi mtoni na kurudi akiwa na fimbo. Siku ya tatu alikuwa ameanza kusema "sukari yangu", kama mtu anayezungumzia ng'ombe aliyenunua mnadani. "Sukari yangu haitaki wali." "Leo sukari yangu imelala vizuri." Na jioni, tukinywa chai kwao, shemeji alikuwa akinimiminia kikombe changu na kuongeza vijiko viwili vya ziada.

"Ya mwenyekiti nimekuwekea wewe," aliniambia. "Isiharibike."

Nikainywa. Kila jioni niliinywa, nikimtazama kakangu akikunja uso juu ya chai yake isiyo na kitu, na kila jioni nilijiambia kesho nitasema. Nilikuwa naona haya, na nilikuwa naogopa. Nikisema ni damu yangu, basi itakuwa yangu.

Jumapili alitimiza ahadi. Alisimama mbele, akasoma: kumi na tatu nukta mbili. Kanisa zima likaguna. Mchungaji akamwita madhabahuni, wazee wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, mabegani, mmoja akakosa nafasi akashika mkanda. Wakaiombea damu yake kwa dakika kumi na tano. Wakaiamuru itulie, wakaikumbusha ilikotoka. Hiyo damu ilikuwa imekaa mstari wa pili, imevaa koti la bluu, inasema "amina" kwa sauti kuliko wote. Mama mmoja alinigeukia machozi yakimtiririka, akaniambia nimshukuru Mungu kwa kunipa afya.

Jumanne ilipofika shemeji alivaa viatu vya kanisani. Sista ametaka mama wa nyumbani, na mama wa nyumbani ni yeye, kwa hiyo mume wake atakwenda mwenyewe kwa miguu yake. Kakangu alinitazama. Mimi nikatazama mbuzi. Tukaondoka watatu, hakuna aliyekula, mimi nikimwambia shemeji kwamba sina njaa.

Tulipoingia, muuguzi aliinua kichwa na kutabasamu kwangu. "Karibu mwenyekiti. Na huyu mzee mnene ni nani?"

Shemeji alinitazama. Akamtazama mume wake. Akatazama kadi. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo polepole kiasi kile.

"Ninyi watu," akasema. "Ninyi watu ni watoto wa nani?"

Kakangu alijaribu kumweleza sista habari ya mto na mitungi. Sista alisikiliza mpaka mwisho, na nadhani alisikiliza kwa sababu hakuamini. Kisha akamketisha, akashika kidole chake. Kaka akanikamata mkono, akafumba macho, akaanza Zaburi ya ishirini na tatu. Alipofika bondeni mashine ilikuwa imeshalia. Tano nukta moja.

"Huyu hana sukari," sista akasema. "Mzee, kuna dawa unatumia?"

Kakangu alimtazama mke wake, akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa pakiti ya vidonge. Ni vya presha. Alipewa mjini tangu mavuno, na hakumwambia mtu, kwa kuwa mwenyekiti haugui. Sista akasoma pakiti na kusema dawa hii hutoa maji mwilini, ndiyo inayompeleka choo, na kiu inafuata hapo.

Kwa hiyo wale sisimizi hawakuwa wake.

Sista alinionyesha kiti. Nilikaa. Alidunga mara moja tu, alikuwa amekumbuka wapi pana ngozi laini. Kumi na tano nukta nne.  Alipiga magoti, akakunja suruali yangu mguu wa kushoto kama aliyeambiwa, akakiona kidonda.  Kakangu alisogea, akakitazama muda mrefu, na nilijua anamwona nani, kwa maana nami nilikuwa namwona. Sikuwa na wakili hata mmoja aliyebaki. Nilitaka kusema ni inzi, sauti ikatoka nikasikia nalia.

"Sista," kakangu akasema. "Hiyo andika kwangu."

"Mzee, haiandikwi hivyo."

"Andika kwangu. Huyu ni mtoto, anapenda chai ya sukari, hawezi. Mimi nimeshazoea. Naamka mapema, natembea, muthokoi nakula, hata wali niliacha. Niko na wiki nzima sasa. Wewe andika kwangu."

Sista alimweleza kwamba haiwezekani. Alimweleza mara mbili, kwa upole, akinyoosha mkono apewe ile kadi airekebishe jina. Kakangu aliikumbatia kifuani na akakataa kuitoa.