Diski Tatu za Gashe Asrat

Hapa Debre Birhan, Ethiopia, wananiita Gashe Akiba, na wasioniheshimu sana huliacha hilo Gashe. Jina hilo nilijitafutia mwenyewe. Tulipostaafu idara ya maji, wenzangu walinunua ng'ombe wa maziwa au walijenga vyumba vya kupangisha. Mimi nilinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, na diski za nje tatu, zile ndogo kama kiganja, za kuchomeka kwa waya. Tangu hapo kazi yangu ikawa kunakili. Picha za ubatizo, vyeti vya shule, risiti za umeme, hotuba za mazishi, vyote viliingia kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta vikaingia kwenye diski. Mtu akipoteza simu mtaani, mimi nilikuwa wa kwanza kufika kumpa pole, na kabla hajajibu nilikuwa nimeshamuuliza, "Uliweka nakala?" Hadi leo nashangaa kwamba hakuna aliyewahi kunipiga.

Diski nilizipa majina ya duru tatu za kahawa ambazo mgeni hunyweshwa kwetu: Aboli, Tona na Baraka. Aboli ilikaa mezani. Tona niliifunga kwenye mtandio mweupe wa mke wangu wa kwendea kanisani, nikailaza kabatini. Baraka niliificha kwenye kapu la injera, mkate wetu wa kila siku, kapu ambalo hutolewa kwa ajili ya wageni tu. Kwa hesabu zangu nilikuwa nimejikinga na moto, na mwizi, na bati letu linalovuja.

"Na ujinga umejikinga nao kwa diski ipi?" aliniuliza mke wangu Zenebech, siku alipofungua mtandio wake akakuta chuma.

"Hizo ni kumbukumbu za familia, Zene."

"Kumbukumbu! Jana nimekutuma chumvi, chumvi peke yake, umerudi na kiberiti."

Alisema kweli. Kichwa changu ni pakacha, na ndiyo maana nilizipenda diski kuliko mtu mwingine yeyote. Kusema mbele za watu nako ni balaa kwangu. Katika chama chetu cha kuzikana nimekaa miaka na miaka, na mchango wangu mkubwa ni kuitikia "Amina".

Mama yangu, Emama Yeshimebet, sijui alinizaaje. Yeye akibariki, watu waliacha kutafuna. Mtaa mzima ulimpelekea maharusi wake ili awatamkie neno. Miguu ilipoanza kumgomea, aliniita.

"Asrat, harusi ya Bezawit mimi sitaifika. Hicho kidude chako kinachokula umeme bure, leo kifanye kazi. Nitambariki mtoto sasa, nawe umpe siku yake ikifika."

Bezawit ni binti yetu wa pekee, na bibi yake ndiye aliyemlea, sisi tukiwa kazini. Nikachomeka kipaza sauti kwenye kompyuta, Mama akakaa vizuri, akafumba macho, akaanza kumbariki mjukuu wake. Alibariki kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimekodolea macho kile kistari cha kijani kinachopanda na kushuka na sauti. Maneno yenyewe sikuyasikiliza. Ya nini, na yanarekodiwa? Nikayahifadhi kwa jina la "Mama", nikachomeka diski moja baada ya nyingine, nikaiacha programu ya kunakili ifanye yake, nikaenda kulala usingizi wa mtu mwenye akili. Mwaka uliofuata Mama alifariki. Hata msibani nilijifariji kwamba sauti yake ninayo, tena mara nne.

Bezawit alipopata mchumba, kitu cha kwanza alichokizungumzia hakikuwa gauni.

"Abaye, wakati tunapiga magoti kubusu magoti yenu, hapo ndipo tumsikilize Emama. Hebu iweke tuisikie kidogo."

Tukakaa watatu mbele ya kompyuta, nami nikabonyeza kwa madaha.

"Asrat," ikasema sauti ya Mama, "hiki kidude kinasikia au hakisikii? Toka hapo, unanizibia mwanga, nachambua dengu." Kisha dengu zikasikika zikirushwa kwenye ungo, chwa, chwa, na rekodi ikaisha.

Bezawit akacheka. "Hiyo si ile ya majaribio? Weka yenyewe."

Nikachomeka Aboli. Dengu. Nikafungua mtandio, nikachomeka Tona. Dengu. Nikaenda mbio kwenye kapu la injera, nikarudi na Baraka nikihema. Dengu, chwa, chwa.

"Basi hatuna wasiwasi," akasema Zenebech. "Nyumba hata ikiungua, dengu tunazo."

Bezawit hakuwa anacheka tena. "Abaye, ya Emama iko wapi?"

Niliibeba kompyuta pamoja na diski zote hadi kwa fundi mjini. Aliangalia tarehe za mafaili, akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha. Ndipo nilipoelewa nilichofanya, na nitakieleza hapa ili anayetaka kunicheka anicheke vizuri.

Kompyuta huja na mwaka wa Wazungu. Mwaka wetu sisi uko nyuma ya wao kwa miaka saba au minane, na huanza Septemba mvua zikikatika. Zile dengu nilizirekodi wakati wa mvua, nikijaribu kipaza sauti, kompyuta ikiwa inasema 2021, nikazinakili kwenye diski zote tatu. Halafu ukaingia mwaka mpya wetu, 2014. Uzalendo ukanipanda. Nikaona ni aibu kompyuta ya Mhabeshi kuishi kwa mwaka wa kigeni ndani ya nyumba yangu, nikaurudisha nyuma kwa mkono wangu. Mtandao haina, kwa hiyo hakukuwa na wa kuikosoa. Siku chache baadaye Mama akabariki, katika mwaka wa 2014, kwa jina lile lile la faili. Na programu ya kunakili nilikuwa nimeiamuru mwenyewe: mafaili mawili yakifanana jina, lenye tarehe ya karibuni likae, la zamani lifutwe, kwenye diski na kwenye kompyuta pia. Ikalinganisha. Ikaona dengu za 2021 ni mpya kuliko baraka za 2014, ikachukua dengu za Aboli ikazimwaga juu ya baraka za Mama. Hizo diski nyingine mbili zilithibitisha tu msiba. Mimi niliyeusumbua mtaa mzima sikuwahi kufungua nakala hata moja nikasikiliza.

"Haiwezi kurudishwa?" nikamuuliza fundi.

"Ungekuja siku ile ile labda, Gashe. Lakini pale ilipokuwa umeshaandika juu yake vitu vingine."

"Vitu gani?"

Akaangalia tena. "Risiti za umeme."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuwa na mjukuu kweli, tena analia jikoni. "Sikutaka kitu kingine," aliniambia. "Nilitaka niondoke hapa na neno lake." Niliona kama nimemzika Mama mara ya pili, na safari hii bila hata mtu wa kunisaidia kubeba.

Harusi ikafika, baada ya Timkat, sikukuu yetu ya ubatizo wa Yesu, na habari zilikuwa zimenitangulia. Nilipoketi kwenye kiti changu, jirani mmoja aliuliza kwa sauti, "Vipi, Gashe Akiba, leo umeme umekatika?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Kisha Bezawit na mumewe wakapiga magoti mbele yangu. Akainamisha kichwa, akayabusu magoti yangu, na hakuinuka. Mahali palipotakiwa kuwa na sauti ya bibi yake pakawa kimya. Nikahisi suruali yangu inalowa machozi yake.

"Mungu..." nikaanza, nikakwama.

"Amina!" wakaitikia watu, kwa huruma tu.

"Mlango wenu... usikose mgeni."

"Amina!"

"Asrat," akasema mama mdogo Askale, mdogo wake marehemu, kutoka kwenye kiti cha mbele, "dada yangu hakuwa anamung'unya. Toa sauti, mtoto anakusubiri."

Nikatoa sauti. Maneno ya Mama sikuwa nayo hata moja, kwa hiyo nikasema ya kwangu, ya mtu wa idara ya maji.

"Bomba lenu lisikauke!"

Walicheka mpaka wapiga ngoma, halafu wakaitikia Amina iliyotikisa hema.

"Mkigombana, mgombane mchana, na jioni mle sahani moja. Mzae, mkuze, mzeeke pamoja. Na Emama Yeshimebet, aliyekubariki vizuri kuliko hivi, ambaye baraka zake baba yako amezipoteza kwa ujuaji wake..." Nikaweka mkono juu ya kichwa cha binti yangu, sikuuondoa. "Alilokuombea yeye likupate, mwanangu, hata kama mimi silijui."

Amina ya mara hii ilikuwa ya chini. Mama mdogo Askale alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Bezawit akainuka, wanja umemchuruzika hadi mashavuni. Nikamfuta kwa leso yangu, na papo hapo tabia ikanishinda, nikatazama huku na huku.

"Umerekodi?" nikamnong'oneza. "Kuna mtu yeyote amerekodi?"

"Abaye," akasema, "nilikuwa nimekukumbatia miguu. Ningeshika simu kwa mkono gani?"