Mpako Mwembamba

Vita vilipofika Bukavu, mimi nilikuwa ughaibuni, mtunza jengo la ghorofa saba huko Koekelberg. Nilifagia ngazi na kutoa mapipa ya taka, na kwa kazi hiyo nilipewa vyumba viwili vya chini. Mume wangu alikuwa amebaki Bukavu. Ili aruhusiwe kunifuata, nilitakiwa kuwa na kazi na mahali pa kukaa. Kila mchana nilikwenda kwenye duka la simu la mtaa wa Chaussée de Wavre, nikapiga namba ya jirani yetu. Haikuita hata mara moja.

Wiki hiyohiyo msimamizi wa jengo alileta watu wapake uwanja wa magari ule mpako mweusi wa kukinga lami. Hakujua, wala hakuwahi kuniuliza, kwamba nyumbani nilifanya kazi miaka tisa katika maabara ya barabara. Niliwatazama kupitia dirishani. Hawakutoa mchanga kwenye nyufa. Madoa ya mafuta waliyafunika tu. Kisha mmoja akavuta mpira wa maji, akaongeza maji katika pipa la mpako, mara tatu. Na baridi ilikuwa imeshaingia, wakati mpako ule hutaka jua.

Kesho yake uwanja uling'aa, na wenye nyumba walipita wakiusifu. Nilipiga magoti nikasugua kwa kiganja, kikatoka cheusi. Nilimwaga maji ya kikombe, yakawa kama chai ya rangi. Penye doa la mafuta niliingiza ukucha, mpako ukabanduka kama ganda la kitunguu.

Msimamizi alikuja na karatasi. "Madame, wewe ndiye unayekaa hapa. Tia saini kwamba umekagua na kazi ni nzuri."

"Si nzuri, bwana. Wametia maji mengi. Mvua ikinyesha itatoka."

"Tangu lini wewe ni fundi wa lami?"

 Akaniachia karatasi mpaka jioni, akasema wanaotafuta kazi yangu ni wengi, na vyumba vyangu pia.

Nilimpigia mwanamke wa Uvira niliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri. Hakusita. "Tia signature. Lami ni ya bazungu, bwana ni wako. Alors, unataka afike akukute inje?"

Nilitia saini.

Mvua ilinyesha siku tatu. Mpako ukalainika, ukawa utelezi mweusi mpaka mlangoni. Asubuhi ya siku ya nne nilisikia kishindo. Alikuwa mjane wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu aliyekuwa akinikatia magazetini kila habari ya Kivu, kwetu. Alikuwa amelala ubavuni, mkono umepinda. Tulipokuwa tukingoja ambulansi nilimpangusa uso kwa khanga yangu, naye akaniomba radhi kwa kuichafua.

Nilimfuata hospitali nikamwambia yote. Aliangalia plasta ya mkono wake.

"Ungeniambia mimi tu," alisema. "Ningepitia mlango wa nyuma."



Wenye nyumba walipokutana, msimamizi aliinua karatasi yangu juu. "Mtunza jengo alithibitisha," alisema. Wote wakanigeukia. Niliwaeleza juu ya maabara, pipa na maji. Nilisema nilijua tangu siku ile.

"Basi kwa nini ulisaini?" mmoja aliuliza.

"Niliogopa."

Barua ya kuachishwa kazi ilikuja wiki iliyofuata. Nilihamia kwa yaya, nikalala kwenye godoro kati ya kabati na jiko. Faili la kumwombea mume wangu anifuate likarudishwa: mwombaji hana kazi, hana makazi. Nililisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikakaa palepale, watu wakinipita.

Majira ya kuchipua, kanisani, nilikutana na kijana aliyekuwa ameikimbia Bukavu kwa miguu. Alimfahamu mume wangu. Alimwona kwenye njia ya Walikale, msituni, katikati ya umati wa wakimbizi, amebeba bidoni ya maji na mtoto wa watu mgongoni.

"Alikuwa anatembea muzuri, maman," aliniambia.

Nilimuuliza ni lini. Alihesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya. Ilikuwa mwezi ule nilipotia saini. Tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyeniambia kwamba alimwona.