Makadamia ya Bibi na Panga la Jirani

Juzi mama mmoja wa Njiro kaniita nimhamishie mti wake wa makadamia, umebanwa na tanki la maji. Akaniuliza, utapona kweli? Nikacheka mpaka akaanza kuniogopa. Ndugu yangu, mti wa namna hiyo mimi nimeuona ukihamishwa kwa damu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi, nakaa kwa bibi huku juu ya Usa River, kwenye migomba na kahawa. Bibi alikuwa na makadamia moja tu, kichaka kimeshiba, ndiyo kwanza kimeanza kuzaa. Shida kilikaa mpakani. Jirani akadai ni chake, akaapa Jumamosi anakifanya kuni. Bibi akasema hakikatwi, kinahama.

Ijumaa asubuhi tukachimba kuzunguka shina mpaka nikatoka malengelenge makubwa kama mayai ya bata. Shimo jipya lilikuwa tayari nyuma ya jiko, na samadi yake na vipande vya mgomba vya kutunza maji. Mizizi na udongo wake tukaifunga kwa magome makavu ya mgomba, kama mtoto anavyofungwa mgongoni. Uji wetu ulikuwa unaungua, harufu yake naisikia mpaka leo.

Jirani akasikia jembe, hakungoja Jumamosi, akatokea na panga. Lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu, halafu akamtandika mpini wa jembe begani. Mlio ulifika Kisongo.

Jirani kashika matawi, bibi kashika shina, wanavutana kama fisi na mzoga. Bibi akamng'ata mkono. Akapigwa teke, akainuka na shina lake. Mimi nikang'ang'ania mguu wa jirani, akanirusha nikaangusha migomba mitatu. Mzee wa kanisa akaja kuamulia, akala ngumi ya jicho, na mpaka leo haijulikani ilikuwa ya nani. Jirani alipoona mti hautoki mikononi mwa bibi, akaanza kuufyeka. Tawi baada ya tawi. Panga la mwisho likapita kwenye mkono wa bibi, kidole kimoja kikabaki kinaning'inia. Damu ikachuruzika mpaka kwenye mizizi. Jirani akaiona, akadondosha panga, akakimbia.

Bibi akajifunga kanga. "Inua huko. Mti haungoji kidonda."

Tukapanda fimbo tupu, haina hata jani, ndipo akaenda zahanati, kidole wakakimalizia. Jioni alikaa jikoni akalia. Hakulilia kidole, alililia mti.

Kumbe mti ukihamishwa lazima upunguzwe matawi, maana mizizi iliyokatwa haiwezi kunywesha majani yote. Sisi hatukujua. Yule mshenzi aliuponya kwa hasira zake. Masika yalipokuja ukachipua, na ulipozaa, kila asubuhi jirani alisimama kwenye wigo.

"Mama, mgao wangu. Mimi ndiye daktari wake."

"Nirudishie kidole kwanza," bibi anajibu, huku anamrushia makadamia za kichwa, moja moja, kwa shabaha ya jeshi. Jirani anaziokota, anazipasua kwa jiwe, anatafuna na kutukana. Miaka mingi hivyo.

Sasa wote wawili wamelala makaburini. Pale pamejengwa vyumba vya kupanga, mti umekatwa, wapangaji wanasalimiana kwa kutikisa kichwa tu. Nilisimama asubuhi moja nikasikiliza. Kimya. Hakuna anayemjua mwenzake kiasi cha kumpiga.